Palitana: umri wa mlima na umri wa hekalu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Naandika kutoka Mombasa. Jirani yetu, mama wa Kihindi wa dini ya Kijaini, amerudi juzi kutoka hija huko Palitana, Gujarat. Anasema hekalu lao la juu mlimani ni la tangu enzi zisizohesabika, na kwamba limejengwa upya mara 16. Mwanangu ametafuta kwenye simu, akakuta sanamu kuu iliwekwa mwaka 1531. Yule mama si muongo, nimekaa naye miaka mingi. Sasa nani mkweli? Na ni kweli hakuna anayelala kule juu? Ameniambia tutakwenda wote siku moja. Mimi Mwislamu nitaruhusiwa?

Jibu: Marahaba. Wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja anazungumzia kitu chake. Jirani yako anazungumzia mlima, mwanao amesoma habari za jiwe. Wajaini wenyewe huvitenganisha viwili hivi, na wala haiwasumbui kwamba majengo wanayoyasujudia yalijengwa na wafanyabiashara ambao majina yao tunayajua, kwa fedha ambazo hesabu zake ziliandikwa.

Mlima unaitwa Shatrunjaya. Uko katika rasi ya Saurashtra, wilaya ya Bhavnagar, na mji wa Palitana umelala chini yake. Unapandwa kwa ngazi za mawe zaidi ya 3,000, mwendo wa kama kilomita tatu na nusu, na ukifika juu unakuta mahekalu zaidi ya 800, makubwa kwa madogo, yamezungushiwa kuta nene kama ngome. Vilele ni viwili, na bonde lililokuwa katikati yake limefukiwa, nitakueleza aliyelifukia. Kubwa kuliko yote ni hekalu la Adinatha, anayeitwa pia Rishabha, wa kwanza kati ya Matirthankara 24, walimu wakuu ambao Wajaini wanaamini waliishinda dunia na kuwaonyesha wengine njia ya kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Jamaa wengi wa Kijaini wa Kenya, hasa Oshwal, asili yao ni vijiji vya kuzunguka Jamnagar, upande wa pili wa rasi hiyo hiyo. Kwa hiyo mama huyo alipokwenda Palitana alikuwa anakwenda kwa babu zake pia.

Sasa hekaya. Rishabha, wanasema, aliupanda mlima huu mara nyingi mno: mara 99 zilizozidishwa kwa kipimo kiitwacho purva, na purva moja ni 70,560,000,000,000. Usijaribu kuipiga hesabu hiyo kwa kalenda. Hadi leo wapo mahujaji wanaoweka nia ya kupanda mara 99 katika msimu mmoja kumfuata yeye, na wengine hupanda mara saba ndani ya siku mbili bila kula wala kunywa hata tone la maji. Mjukuu wake, Pundarika, alipata ukombozi hapo akiwa pamoja na watawa milioni 50, usiku wa mwezi mpevu wa Chaitra, ambao huangukia Machi au Aprili. Nyuma ya hekalu kuu kuna mti wa rayani, na chini yake nyayo za Rishabha zilizochongwa kwenye marumaru. Mti huo hutoa utomvu mweupe. Inasemwa kwamba tone lake likikuangukia, umebakiwa na maisha machache tu kabla ya kukombolewa, na utawaona watu wazima, wenye maduka na vyeo, wamesimama chini ya matawi nyuso juu, wanangoja.

Kitu kinachonivutia zaidi katika hekaya hizi ni kwamba zinakubali uchakavu. Mapokeo yanasema katika enzi ya kwanza ya dunia mlima ulikuwa na upana wa yojana 80, kipimo cha kale cha safari za mbali, kisha ukawa 70, 60, 50, katika enzi yetu 12, na katika enzi ya mwisho utabaki mikono saba tu. Hata hivyo hautatoweka. Hekalu nalo ndivyo hivyo. Wa kwanza kulijenga, Bharata mwana wa Rishabha, alitumia dhahabu na vito. Kufikia mara ya 12, ndugu watano wa Pandava, wale wale wa tenzi kubwa za Kihindi, walijenga kwa mbao. Anayekuambia hekalu limejengwa upya mara 16 anakiri kwamba lilianguka mara 15.

Orodha hiyo ya matengenezo 16 ndiyo ufunguo wa swali lako. Wa mwanzoni humo ni wafalme wa enzi za kale na miungu. Wa mwisho ni watu wenye mikataba. Anayesimama kwenye kizingiti kati ya pande hizo mbili ni Javad, wa 13, ambaye mapokeo yanamweka katika karne ya kwanza ya kalenda yetu. Javad alikuwa mfanyabiashara wa bandari ya Mahuva, na sisi watu wa pwani kisa chake tunakielewa haraka: majahazi yake yalipotea baharini miaka na miaka, akafilisika, mara siku moja yakarudi yakiwa na dhahabu. Fedha hiyo akaitia mlimani. Lakini pepo mlinzi wa mlima alikuwa ameharibika, anakula nyama na kufukuza watu. Mchana sanamu mpya ilipandishwa, usiku ikarudishwa chini, ikawa hivyo mara 21, mpaka mtawa mmoja mwenye nguvu, Vajra Swami, alipomshinda pepo yule na kumweka mlinzi mwingine. Kazi ilipokwisha, Javad na mkewe walipanda wenyewe juu ya paa kutweka bendera, wakafa pale pale kwa furaha. Mimi sithubutu kukuambia Javad alikuwepo au hakuwepo. Ila tazama: jambo la kwanza katika orodha linalofanana na maisha tunayoyajua ni mtu aliyepata hasara ya meli.

Wa 14 yuko ndani ya historia kabisa. Katikati ya karne ya 12 Gujarat ilitawaliwa na Kumarapala, mfalme aliyewapenda sana Wajaini. Waziri wake Udayana alikuwa njiani kwenda vitani Saurashtra, akapanda Shatrunjaya kusali. Hekalu wakati huo lilikuwa la mbao. Akiwa katikati ya sala akamwona panya anakimbia na utambi wa taa mdomoni, unawaka, anaupeleka kwenye tundu lake lililo ndani ya kuta. Akaweka nadhiri hapo hapo kwamba hekalu litajengwa kwa mawe. Vitani akajeruhiwa, na alipokuwa anakata roho kilichomsumbua ni nadhiri ile, mpaka walipomhakikishia kwamba mwanawe ataitimiza. Mwanawe aliitwa Bahada, na kweli aliitimiza, katika miaka ya 1150. Kisa cha panya kimeandikwa na mtawa Merutunga kama miaka 150 baadaye, kwa hiyo siwezi kukuapia. Lakini hekalu la mbao, taa za samli na panya: hakuna haja ya muujiza hapo.

Merutunga anasimulia mengine mawili kuhusu ujenzi huo. Jengo lilipokwisha likapasuka. Mafundi wakasema upepo umeingia kwenye ujia wa kuzungukia chumba cha ndani, hauna pa kutokea. Dawa ni kuuziba ujia ule, lakini kwa sheria za ujenzi wa wakati huo hekalu lisilo na ujia humkosesha mjengaji kizazi. Bahada akasema zibeni. La pili ni la mchuuzi wa samli aitwaye Bhima. Matajiri walikuwa wanaandikisha michango yao, yeye akaja na sarafu saba, mtaji wake wote, akazitoa zote. Bahada akaamuru jina la Bhima liandikwe la kwanza, juu ya yote, maana wengine walikuwa wametoa sehemu tu ya walichokuwa nacho. Akarudi nyumbani akimwogopa mkewe. Ng'ombe alikuwa ameng'oa kigingi. Alipochimba kukisimika upya akakuta mtungi wa dhahabu. Ninavyoona mimi, mtungi wa dhahabu uliongezwa na wasimulizi kwa ajili ya wasikilizaji wasiopenda habari ziishie kwa mtu kubaki maskini.

Mwaka 1313 majeshi ya Usultani wa Delhi, yaliyokuwa yameshaitwaa Gujarat, yaliivunja sanamu kuu na kuliharibu hekalu. Najua watu wengi hufunga kitabu hapo, kila mmoja akabaki na hasira au aibu yake. Wewe usifunge, maana miaka miwili tu baadaye, 1315, sanamu mpya iliwekwa, na kilichotokea katikati kinaeleza mengi. Samara Shah, mfanyabiashara wa Patan wa ukoo wa Oswal, alikwenda kwa Alp Khan, liwali wa Gujarat aliyewekwa na sultani yule yule wa Delhi, akaomba ruhusa ya kujenga. Liwali alimjua Samara, wakikopeshana heshima na biashara, akampa barua ya ruhusa. Jiwe likachimbwa kwenye machimbo ya Arasan, mpakani mwa Gujarat na Rajasthan, katika nchi ya mtawala mdogo aitwaye Mahipala, ambaye alikataa kutoza ushuru. Likaburutwa na mafahali hadi chini ya mlima, kisha likapandishwa. Miaka michache baadaye mtawa Jinaprabha Suri, ambaye naye alikuwa akiheshimiwa katika baraza la sultani wa Delhi, aliandika habari za uharibifu na za ujenzi huo, mwaka kwa mwaka, bila kupiga mayowe.

Na hapa ndipo tunapolifikia jiwe la mwanao. Mapokeo yanasema kwamba katika karne ya 13 waziri maarufu Vastupala aliona mambo yanakokwenda, akaagiza mabamba ya marumaru safi yaje mlimani, kisha akayahifadhi ardhini kwa ajili ya siku mbaya. Samara alipotaka kulichonga mojawapo mwaka 1315, wazee wa jumuiya wakamzuia: zama bado si salama, acha hili likae, tafuta jingine. Likakaa zaidi ya miaka 200. Sanamu ya Samara nayo ikaja kuharibiwa. Ndipo akatokea Karma Shah, tajiri wa Chittor, ngome ya Warajputi, watawala wa Kihindu wa Rajasthan. Mwaka 1525 mwana wa sultani wa Gujarat, Bahadur, alikosana na baba yake akakimbilia Chittor mikono mitupu. Karma Shah akampa fedha za njiani, rupia 100,000 kwa masimulizi, bila kuandikiana. Mwaka uliofuata mkimbizi akawa sultani. Karma Shah akamwendea. Sultani akamrudishia fedha yake, akamuuliza unataka nini zaidi, naye akataka ruhusa ya kujenga Shatrunjaya. Jiwe la Vastupala likafukuliwa, likachongwa, na mwaka 1531 likasimikwa. Wanasema wakati wa kuwekwa wakfu sanamu ilivuta pumzi mara saba. Maandishi ya ujenzi huo yamechongwa kwenye jiwe na yapo mpaka leo, na kila mwaka tarehe ile ikifika bendera ya kilele hubadilishwa.

(Bahadur Shah huyo huyo aliizingira na kuiteka Chittor mwaka 1535. Siasa za wakati ule hazikuwa na mistari iliyonyooka kama tunavyopenda kuichora sisi.)

Basi, kwa ufupi wa hesabu: sanamu ni ya 1531, kiini cha hekalu kuu kinatokana na mawe ya Bahada yaliyotengenezwa tena na tena, na mengi ya yale mahekalu mengine 800 ni ya kati ya karne ya 16 na ya 19. Mfalme Akbar wa Wamogoli, ukoo wa Kiislamu ulioitawala India, na waliomfuata waliwapa Wajaini hati za kuulinda mlima, na usimamizi sasa uko mikononi mwa wakfu wa Anandji Kalyanji wenye makao yake Ahmedabad. Bonde lililofukiwa ni kazi ya Motishah, tajiri wa meli wa Bombay aliyefanya biashara na China, afyuni ikiwa miongoni mwa shehena. Alijaza korongo zima kwa mawe na udongo ili apate uwanja wa kujengea kati ya vilele viwili. Alifariki 1836, kabla hajaona hekalu lake likifunguliwa. Mwanawe ndiye aliyeongoza sherehe.

Kuna tukio moja la karne iliyopita ambalo vitabu vya watalii hulipita haraka, nami naliona lina uzito kuliko miujiza yote niliyoitaja. Mtawala wa Palitana, kabwana kadogo chini ya Waingereza, alikuwa akidai malipo kwa kila hujaji. Mwaka 1886 yalifanyika mapatano kwamba Wajaini watamlipa rupia 15,000 kwa mwaka kwa muda wa miaka 40. Muda ulipokwisha, 1926, akatangaza kila anayepanda alipe rupia 2 kichwani. Wajaini wakaamua kutopanda kabisa. Fikiria: watu wanaoamini kwamba kila hatua katika mlima ule inawapunguzia mzigo wa matendo mabaya ya maisha mengi, wakakaa nyumbani miaka miwili mizima, kwenye kila kijiji na kila mji. Nyumba za wageni za Palitana zikafungwa, wabeba machela wakakosa kazi. Mwaka 1928 mwakilishi wa mfalme wa Uingereza huko India, Lord Irwin, akawakutanisha Simla, wakakubaliana rupia 60,000 kwa mwaka kwa miaka 35. Miaka hiyo haikutimia, maana India ilipata uhuru na ufalme wa Palitana ukafutwa mwaka 1948.

Suala la kulala. Ni kweli: jioni watu wote hushuka, mahujaji, watawa na makuhani wa mahekalu, na milango ya kuta hufungwa. Imani ni kwamba usiku mlima ni wa miungu, nao huja kusali. Tena hakuna kula juu. Chakula huliwa ukishashuka, na chini kwenye lango kuna mahali mahujaji hupewa vitafunio bure. Mlima hufungwa pia kwa mahujaji wakati wa mvua za masika ya India, miezi minne hadi mwezi mpevu wa Kartik, mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Wakati huo ngazi huota ukungu, wadudu hujaa, na Mjaini hataki kukanyaga hata mdudu mmoja kwa ajili ya ibada yake. Siku ya kufunguliwa, umati huwa mkubwa ajabu.

Wewe kama Mwislamu, ndiyo, waweza kupanda. Tena ukifika karibu na juu utaona kaburi la walii wa Kiislamu, Angar Pir, lililo ndani ya eneo hilo hilo. Hekaya inasema aliyalinda mahekalu yasivunjwe. Wanawake waliokosa watoto, wa Kihindu, wa Kijaini na wa Kiislamu, huja kuomba kwake na kuacha vitanda vidogo vya mtoto, vya mbao, urefu wa kiganja, vimerundikana kaburini. Sijui ustadhi wako wa mtaani atasemaje juu ya jambo hilo, hilo nakuachieni nyinyi wawili.

Mambo machache ya safari. Acha nyumbani mkanda, mkoba na kila kitu cha ngozi. Mjini usitafute nyama: mwaka 2014, baada ya watawa wapatao 200 kugoma kula, serikali ya Gujarat ilikubali kuzuia uchinjaji na uuzaji wa nyama, na wachinjaji wa hapo, wengi wao Waislamu, hawakufurahi. Anzeni kupanda alfajiri, kabla mawe hayajapata moto, maana mnapanda peku. Na hata mahujaji wanaovaa soksi za kitambaa hulalamika saa nne ikifika. Magoti yakikataa, kuna machela, kiti kilichofungwa kwenye miti na kubebwa na watu wawili au wanne. Malipo yake hufuata uzito wa anayebebwa, kwa hiyo elewaneni bei kabisa mkiwa bado chini.